Fundi Aliyefichwa Jina: Maisha ya Sergei Korolev

Usiku mmoja katika muhula huu, tulipotoka katika masomo ya jioni, umeme ulikuwa umekatika na mbingu ilikuwa safi kabisa. Tukiwa uwanjani mbele ya bweni tuliona nyota moja ikitembea. Haikuwaka na kuzimika kama taa ya ndege, wala haikuwa na mvumo. Ilikwenda taratibu juu ya vichwa vyetu, kisha ikafifia na kupotea kabla haijafika upeo wa macho. Mmoja wetu akasema ni nyota yenye mkia, mwingine akasema ni ndege ya vita. Mwalimu wa zamu, ambaye ndiye atufundishaye fizikia, akatuambia kuwa ni setilaiti, na kwamba imepotea kwa sababu imeingia katika kivuli cha dunia. Kisha akatuuliza ni nani aliyeunda setilaiti ya kwanza. Wengine wakamtaja Gagarin, wengine wakamtaja Armstrong. Mwalimu akatikisa kichwa, akatuamuru tukalale.

Siku ya pili nilianza kutafuta jibu, na nilipolipata nilistaajabu sana. Mtu yule alifichwa jina na serikali yake mwenyewe, na watu wa nchi yake hawakulijua mpaka alipokufa. Jina lake ni Sergei Korolev. Wasomaji wapenzi, naomba niwasimulie maisha yake. Hapa na pale nitatia maoni yangu mwenyewe, na mwenye elimu kunishinda aweza kunisahihisha.

Korolev alizaliwa tarehe 12 Januari 1907 katika mji wa Zhytomyr, ulio katika nchi ya Ukraine. Siku zile nchi hiyo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa mwalimu. Wazazi wake waliachana yeye akiwa bado mdogo sana, na kwa kuwa mama yake alikwenda mbali kusoma, mtoto alilelewa na babu na bibi yake katika mji wa Nizhyn. Alikua mpweke, hana watoto wenzake wa kucheza nao. Alipokuwa na umri wa miaka kama sita, ndege ililetwa mjini ili watu wailipie na kuitazama ikiruka. Ndege yenyewe iliruka kidogo tu ikatua, lakini kwa mtoto yule ilitosha.

Mama yake akaolewa tena na mtu aliyekuwa mhandisi, nao wakahamia Odessa, mji wenye bandari kubwa katika Bahari Nyeusi. Huko ilikuwa miaka ya mapinduzi na vita vya wenyewe kwa wenyewe, chakula kilikuwa haba na shule zilifungwa. Baadaye alisoma katika shule ya ufundi wa ujenzi, akajifunza useremala na kuezeka mapaa. Katika bandari kulikuwa na kikosi cha ndege zinazotua majini, naye hakukosa kwenda kuwatazama mafundi wakifanya kazi. Mwaka 1924, akiwa na miaka kumi na saba, alichora ramani za ndege isiyo na injini, akazipeleka kwa wakubwa wa chama cha urushaji wa ndege, nao wakazikubali. Hapo nilisita katika kusoma kwangu, maana umri huo ndio wangu mimi leo, na kitu nilichokichora muhula huu ni panzi wa somo la bayolojia.

Alikwenda kusoma katika chuo cha ufundi huko Kyiv, akijilipia kwa vibarua vya namna nyingi, na mwaka 1926 akahamia Moscow. Huko mwalimu wake mmoja alikuwa Andrei Tupolev, mwunda ndege mashuhuri kuliko wote nchini. Wasomaji walikumbuke jina hilo, kwa sababu tutakutana nalo tena mahali pasipotazamiwa.

Katika Urusi ile kulikuwa na mwalimu wa shule, kiziwi, jina lake Konstantin Tsiolkovsky, aliyekuwa ameandika tangu mwaka 1903 kwamba roketi yaweza kumtoa mwanadamu katika dunia hii. Pengine si wote wajuao kwa nini roketi na si ndege. Ukilijaza puto pumzi kisha ukaliachilia, hewa hutoka upande mmoja na puto hukimbia upande wa pili. Roketi hufanya vivyo hivyo kwa moto. Ndege hutegemea hewa ya kuibeba na ya kuunguza mafuta yake, kwa hiyo haiwezi kupita mahali hewa inapokwisha. Roketi huchukua mafuta yake pamoja na oksijeni yake, kwa hiyo yaweza kwenda mahali pasipo hewa kabisa.

Mwaka 1931 Korolev na mwenzake Fridrikh Tsander walikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha watu wapendao mambo hayo. Walifanya kazi katika chumba cha chini ya nyumba huko Moscow, kwa fedha kidogo mno. Tarehe 17 Agosti 1933 roketi yao ilipanda kiasi cha mita 400 kisha ikaanguka. Mita 400 ni mzunguko mmoja wa uwanja wetu wa mbio. Tsander hakuiona, kwani alikuwa amekufa kwa homa miezi michache kabla.

Kazi yao ikapendwa na jeshi, wakapewa taasisi nzima. Lakini miaka ile mtawala wa Umoja wa Kisovieti alikuwa Stalin, na nchi ilijaa hofu. Watu walichongewa na majirani, na wanafunzi, na hata na wenzao wa kazi. Mtu alitoweka usiku, na asubuhi jina lake halikutajwa tena. Wakubwa wawili wa taasisi yao, Kleymenov na Langemak, walipigwa risasi Januari 1938. Na tarehe 27 Juni mwaka huohuo walikuja kumkamata Korolev nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 31, ana mke na binti wa miaka mitatu.

Alishtakiwa kwamba anaharibu kazi ya serikali kwa makusudi. Msingi wa mashtaka ulikuwa maneno yaliyotolewa na wenzake waliokamatwa kabla yake, nao waliyatoa chini ya mateso. Yeye naye alipigwa mpaka akatia sahihi. Hukumu ilikwisha kwa dakika chache, akapewa kifungo cha miaka kumi. Akapelekwa Kolyma, mashariki ya mbali kabisa ya Siberia, akachimbe dhahabu katika machimbo ya Maldyak. Baridi ya huko haina mfano kwetu sisi. Njaa na kiseyeye vilimng'oa meno mengi, na wafungwa wengi waliokuwa naye hawakurudi.

Mama yake hakunyamaza. Aliandika barua baada ya barua kwa wakubwa, na marubani wawili mashuhuri, Mikhail Gromov na Valentina Grizodubova, walikubali kumwombea. Mwisho wa mwaka 1939 akatolewa Kolyma ili arudishwe Moscow, kesi yake ikasikilizwa tena, na kifungo kikawa miaka minane. Hakufunguliwa, bali alipelekwa katika jela ya namna ya peke yake, ambamo wafungwa walikuwa wahandisi na kazi yao ilikuwa kuchora ndege za vita. Mkuu wa mafundi mle gerezani alikuwa Tupolev, yule mwalimu wake, naye pia mfungwa. Basi serikali ilikuwa imewafunga mafundi wake walio bora, kisha ikagundua kwamba haiwezi kupigana vita bila wao.

Korolev alifunguliwa mwaka 1944. Lakini hakutangazwa kuwa hana hatia mpaka mwaka 1957. Kwa miaka kumi na mitatu aliitumikia serikali katika mambo yake ya siri kubwa, huku karatasi za serikali hiyohiyo zikisema kuwa yeye ni mhalifu.

Baada ya vita alipelekwa Ujerumani kuichunguza roketi ya V-2, ambayo Wajerumani waliitumia kupiga London na miji mingine. Roketi hizo ziliundwa na wafungwa waliofanyishwa kazi za utumwa, na maelfu yao walikufa. Mkuu wa mafundi wa V-2, Wernher von Braun, alikuwa amekwisha kujitoa kwa Wamarekani. Tangu hapo watu wawili hawa wakashindana kwa miaka ishirini bila kukutana. Von Braun alionekana katika televisheni na magazeti, na kila Mmarekani alimjua. Korolev aliitwa Mkuu wa Waundaji, basi. Alipoandika makala katika gazeti la Pravda alitumia jina la kubuni, Profesa K. Sergeev.

Yafaa tuseme kweli kwamba serikali haikumpa fedha ili afike mwezini. Ilitaka roketi ya kubeba bomu la haidrojeni hadi Marekani. Roketi hiyo, iitwayo R-7, iliruka vizuri kwa mara ya kwanza tarehe 21 Agosti 1957. Korolev alikuwa amewaomba wakubwa kwa muda mrefu wamruhusu kuweka juu yake kitu kingine badala ya bomu, nao wakakubali. Tarehe 4 Oktoba 1957 akarusha Sputnik, mpira wa alumini wenye upana wa sentimeta 58, uzito wa kilo 83.6, na nyuzi nne za redio. Uliizunguka dunia kila dakika 96, ukitoa mlio mfupi mfupi ambao mtu yeyote mwenye redio ya kufaa aliweza kuusikia. Dunia nzima ikashtuka.

Maoni yangu juu ya ufundi ni haya. Watu husema ufundi si mzuri wala si mbaya, ni kama panga, kazi ni ya mkono ulioshika. Mimi naona neno hilo halitoshi. R-7 iliundwa kwa ajili ya vita, na ikawa njia ya kwenda angani kwa sababu mtu mmoja hakuchoka kuomba. Asingeomba, ingebaki kuwa panga la kuulia tu. Kwa hiyo fundi naye ana wajibu wake, hata akiwa chini ya wakubwa wakali.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwezi mmoja baadaye mbwa aitwaye Laika alirushwa angani, akafa humo, kwani hakikuwapo chombo cha kumrudisha. Mwaka 1959 chombo cha Korolev kiliugonga mwezi, na kingine kikapiga picha za upande wa mwezi ambao hatuuoni kamwe kutoka duniani. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin, kijana wa miaka 27, aliizunguka dunia akarudi salama. Safari yote ilichukua dakika 108. Mwaka 1963 Valentina Tereshkova akawa mwanamke wa kwanza kwenda angani. Mwaka 1965 Alexei Leonov alitoka nje ya chombo chake akaelea angani, amefungwa kwa kamba tu.

Gagarin alipokewa Moscow kama mfalme. Umati ulijaa barabarani, vitoto vikabebwa mabegani, wakubwa wa nchi wakamkumbatia mbele ya watu. Yule aliyeunda chombo alikuwapo mjini siku hiyo, na hakuna aliyelitaja jina lake.

Sababu waliyoitoa ni kwamba maadui wangeweza kumwua. Huenda hofu hiyo ilikuwa ya kweli, sibishi. Lakini nilipofika hapo katika kusoma niliona jambo moja. Serikali ile ilijua kila kitu juu ya Korolev: barua zake, rafiki zake, maneno aliyoyasema kazini. Ilijua mengi mno kuliko haki yake. Na watu, waliostahili kumjua walau kwa jina, hawakujua lolote. Mara ya kwanza siri zake zilichukuliwa bila ridhaa yake, na mara ya pili jina lake likafanywa siri bila ridhaa yake. Mara zote mbili mkono ulikuwa uleule. Mimi nafikiri siri ya mtu ni mali yake, kama shamba lake. Yeye ndiye wa kuamua amfungulie nani mlango, na amfungie nani.

Jambo hili latuhusu sisi kuliko tunavyodhani, na njia yake yapita katika Sputnik yenyewe. Ukisimama barabarani na basi likakupita likipiga honi, sauti huwa nyembamba likija, huwa nzito likiisha kupita. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani waliona kuwa mlio wa Sputnik nao hubadilika hivyo, na kwa kuupima tu wakaijua njia yake angani. Kisha wakaulizwa swali la kinyume: ikiwa njia ya setilaiti yajulikana, je, mtu aliye duniani aweza kujua yeye yuko wapi? Jibu likawa ndiyo. Hapo ndipo ulipoanza uongozaji wa meli kwa setilaiti, kwanza kwa ajili ya manowari za vita. Zikafuata setilaiti zenye ufundi bora zaidi, na leo simu ya mkononi ya mzazi wako yajua imesimama karibu na duka gani.

Wenzangu wengi hudhani setilaiti hutuona. Sivyo. Setilaiti hutangaza saa zake na mahali zilipo tu, na simu ndiyo ipigayo hesabu. Lakini programu zilizomo ndani ya simu huweza kuipeleka habari hiyo kwa wenye kuzitengeneza, mara nyingi kwa sababu tulibonyeza kukubali bila kusoma. Korolev alipigwa ndipo akatia sahihi. Sisi twatia sahihi kwa kidole kimoja, huku tukicheka. Tanzania ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022, na ni jambo la kushukuru, ila sheria haiwezi kumlinda mtu anayejianika mwenyewe.

Turudi kwa Korolev. Mapema Januari 1966 aliingia hospitali huko Moscow kwa upasuaji. Waziri wa Afya mwenyewe, daktari mashuhuri, ndiye aliyempasua. Ndani yake wakakuta uvimbe mkubwa ambao hawakuutazamia. Inasemwa pia kwamba taya lake, lililoumizwa alipopigwa mwaka 1938, halikuweza kufunguka vizuri, ikawa taabu kumwingiza mpira wa kupumulia. Alikufa tarehe 14 Januari, siku mbili baada ya kutimiza miaka 59. Ikiwa habari hiyo ya taya ni kweli, basi wale waliompiga walimwua, ila walichelewa miaka ishirini na saba.

Siku mbili baadaye gazeti la Pravda likatoa picha yake, jina lake, na nishani zake zote. Ndipo watu wa nchi yake walipojua walikuwa na nani. Majivu yake yakazikwa katika ukuta wa Kremlin kwa heshima zote. Roketi kubwa aliyoianza kwa safari ya mwezini ilijaribiwa mara nne kati ya mwaka 1969 na 1972, na mara zote nne ikaanguka. Wamarekani walitua mwezini Julai 1969 kwa roketi ya von Braun. Lakini wajukuu wa ile R-7, roketi za Soyuz, wamebeba watu angani mpaka siku hizi zetu. Na mji alikofanyia kazi, karibu na Moscow, uliitwa kwa jina lake mwaka 1996.

Sasa nina jambo langu la kukiri, na ndilo lililonifanya niandike habari hii badala ya hadithi ya sungura. Muhula uliopita daftari la mwenzetu mmoja liliokotwa bwenini. Mle alikuwa ameandika mambo ya kwao, shida za mama yake, na mashairi. Lilisomwa kwa sauti usiku, wote tukisikiliza, na mwenyewe akiwa amelala amejifunika shuka kichwani. Si mimi niliyesoma. Lakini nilicheka, na nilicheka kwa nguvu. Asubuhi yake hakuna aliyelisema jambo hilo, na yule mwenzetu hakuandika tena.

Niliposoma jinsi watu wa Urusi walivyonyamaza jirani yao alipochukuliwa, nilitaka kuwalaumu, kisha nikakumbuka kicheko changu. Wao walinyamaza kwa kuogopa risasi. Mimi niliogopa nini? Kuonekana sichangamki na wenzangu. Nimekwisha kwenda kwake nikamwomba radhi, naye amenisamehe, na ameniruhusu kuandika haya bila kumtaja.

Ndugu zangu wanafunzi, si wote tutakaounda roketi. Lakini kila mmoja wetu hukaa karibu na daftari la mwenziwe, na wengi wetu tutashika simu tukimaliza shule hii. Tukumbuke basi kwamba jina la mtu na siri ya mtu ni vitu viwili apasavyo kushika mwenyewe. Na ikiwa usiku wa leo mbingu ni safi, tokeni nje baada ya masomo mkatazame juu. Mkiiona nyota inayotembea, msiseme kuwa hamjui ni nani aliyeanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne